Chogo na Bapa: Picha za Televisheni Katika Upare

Neno chogo, kwa asili, ni sehemu ya nyuma ya kichwa iliyotokeza. Mjini Same na katika vijiji vya milima ya Upare, kama kwingineko Tanzania, jina hilo limepewa televisheni ya zamani yenye mgongo mrefu. Kabla ya kuja vioo bapa halikuwa na kazi hiyo. Chombo kiliitwa televisheni tu. Kipya ndicho kilichokipa cha kale jina, tena lenye kejeli. Je, kejeli hiyo ni ya haki?

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Chogo ni bomba la kioo lisilo na hewa ndani, la asili ya Karl Ferdinand Braun, mwaka 1897: elektroni hutoka nyuma na kupiga unga ung'aao ulio mbele. Pasipopigwa hubaki giza. Ndiyo sababu weusi wake ni weusi kweli, na aliyeketi pembeni huona rangi zile zile za aliyeketi katikati. Kioo bapa chenye fuwele za majimaji huwa na taa nyuma yake, nazo fuwele huuzuia mwanga au huupitisha. Kwa kuwa haziuzuii wote, weusi huelekea kijivu. Lakini maandishi husomeka bila kupepesa, na umeme hutumika kidogo.

Hata hivyo, katika Upare hukumu haikutegemea kioo pekee. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, na milima huyakinga. Siku za analojia wimbi dhaifu lilileta chenga, nazo hazikuificha sura yote. Mitambo hiyo ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha kwingineko. Wimbi la dijiti likipungua mno, picha huganda ama hutoweka. Kosa hilo si la kioo: chogo lililounganishwa na king'amuzi nalo huganda vivyo hivyo, na wimbi likitosha huonyesha picha isiyo na chenga.

Basi mambo mawili yaliyokuja karibu pamoja, mabadiliko ya kioo na mabadiliko ya wimbi, yapasa kutenganishwa. Atakayeliingiza chogo katika kamusi kwa maana hii asiandike "televisheni mbovu". Aandike umbo lake, kwani ndilo lililotajwa.