Minyoo ya Busia, hataza na majina ya watoto

Kwetu Mombasa, Busia na Malaba ni majina ya madereva. Lori hutoka bandarini, likafika mpakani na kupanga foleni kuingia Uganda. Wataalamu wa uchumi wanaijua Busia kwa jambo jingine kabisa: minyoo.

Mwaka 1998 Michael Kremer na Edward Miguel walianza utafiti katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalangi, kusini mwa Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule zilipewa dawa za minyoo na kichocho kwa zamu. Matokeo yalichapishwa 2004: utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua mtaani.

Dawa ya minyoo, albendazole, ni rahisi kwa sababu hataza yake imekwisha. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake. Kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 20 tangu aiombe. Kremer, aliyepata tuzo ya Nobel 2019 pamoja na wenzake wawili, aliandika mwaka huohuo wa 1998 kwamba serikali zinunue hataza na kuziachia umma, kama Ufaransa ilivyofanya 1839 kwa ufundi wa picha wa Daguerre.

Elimu ya Busia nayo iliachwa wazi. Watafiti walitoa data zao, na mwaka 2015 wenzao wa London wakazipiga hesabu upya, wakakuta makosa, hasa kuhusu faida kwa shule za mbali. Ubishi ulikuwa mkali. Lakini ubishi huo usingewezekana kama data zingefungiwa kabatini.

Data zilizotolewa zina namba, hazina majina. Hapa ndipo penye uzito. Wanafunzi wale wamefuatiliwa zaidi ya miaka 20, na huwezi kumtafuta mtu usiyemjua jina. Kwa hiyo iko orodha mahali inayounganisha namba na mtu. Tena kijijini, ukitaja shule, umri na idadi ya ndugu, jirani ashamjua ni nani.

Idhini nayo ina kisa chake. Mwaka 1998 ilitosha jamii kukubali. Kuanzia 1999 ilitakiwa saini ya mzazi, aende shule atie sahihi daftarini. Watafiti wenyewe waliona kwamba mzazi mwenye deni la karo huenda akaogopa kuonana na mwalimu mkuu. (Nani kati yetu hajawahi kupita njia ya nyuma?)

Wapwani tusidhani ni mambo ya bara. KEMRI-Wellcome iko Kilifi tangu 1989. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaruhusu utafiti mradi matokeo yasimtambulishe mtu, na inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumikaje, kuziona na kuzisahihisha. Haki hiyo unaweza kuidai kabla mtoto hajatolewa damu.