Anga la Mario ni la rangi gani hasa?

Wiki hii nimekuwa nikichokonoa emuleta, yaani zile programu zinazoigiza mashine za michezo ya zamani ndani ya kompyuta, na kuna swali limeninyima usingizi: anga la Super Mario Bros. (1985) ni samawati au zambarau?

Msicheke. Fungua mchezo huohuo kwa emuleta mbili tofauti uone. Zote zinasoma namba ileile, 22 kwa heksadesimali, lakini anga si lilelile.

Shida ni kwamba namba hiyo haitaji rangi. Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na NES iliyouzwa Marekani kuanzia 1985, hazikuwa na jedwali la nyekundu, kijani na buluu kama kompyuta zetu. Chipu yao ya picha, 2C02, ilitengeneza moja kwa moja mawimbi ya runinga ya mfumo wa NTSC. Namba ina biti 6: mbili za mwangaza, nne za kusema wimbi la rangi lisogezwe kiasi gani, kwa hatua za digrii 30. Kugeuza wimbi kuwa rangi ilikuwa kazi ya runinga, na runinga hazikuwa zikipatana! Nyeupe ya Japani ilikuwa na ubuluu kuliko ya Marekani, na Mmarekani alikuwa na kitufe cha kupotosha rangi apendavyo. (Sisi Kenya tulikuwa na PAL, inayojisahihisha yenyewe kosa hilo.)

Waandishi wengine wa emuleta walinasa picha kutoka kwa mashine halisi, wakapima. Wengine walichukua namba za PlayChoice-10, mashine ya Nintendo ya kumbi za michezo, ambayo chipu yake ilitoa RGB. Namba hizo hazina ubishi, ila rangi zake si zile watu walizoziona nyumbani.

Mimi naheshimu zaidi njia ya Shay Green, aliyeandika maktaba inayokokotoa wimbi lenyewe kisha kulisoma kama runinga, pamoja na rangi kuchuruzikia pikseli jirani. Hata hivyo lazima uchague runinga ya kuigiza. Nimechagua ya Kijapani, kwa sababu waliochora mchezo walikuwa Japani. Anga langu limetoka samawati inayoelekea zambarau, na nimeliacha hivyo.