Seti Zilizotoka Entebbe

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1950 alipanda madarasa kwa ratili na yadi. Inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, wakia 16 ni ratili. Asiyekariri alionja fimbo. Alianza na kujumlisha, akafika kwenye sehemu na riba. Aljebra na jometri ya maana zilisubiri wale wachache waliovuka kwenda sekondari.

Mwaka 1962 mpangilio huo ulipata mshindani, pale Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Wanahisabati wa Marekani, wakiongozwa na W. Ted Martin wa chuo cha MIT, walikaa na wenzao kutoka Ghana, Nigeria, Liberia, Kenya, Uganda na kwingineko wakaandika vitabu vya kile kilichoitwa Hisabati Mpya, tangu darasa la kwanza hadi sekondari. Marekani yenyewe ilikuwa bado haijatulia tangu Wasovieti waliporusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957. Ilitaka watoto waelewe hesabu, si kuikariri tu.

Basi seti, yaani kundi la vitu, dhana ya vyuo vikuu, ikateremshwa hadi kwa mtoto wa miaka saba. Kabla ya kuandika 3, alipanga vijiwe vitatu na vizibo vitatu, akaunganisha kila kijiwe na kizibo chake, akaona makundi yamelingana. Somo zuri kabisa, kusema kweli. Tatizo ni kwamba walimu wengi wa msingi hawakuwahi kusoma seti popote. Wakazifundisha kama walivyofundishwa yadi: kwa kukaririsha. Wazazi nao wakashangaa, mtoto anaijua alama ya muungano wa seti lakini chenji ya dukani inamtoa jasho.

Huko Liberia, watafiti John Gay na Michael Cole walichunguza kwa nini hesabu za shule ziliwashinda watoto wa jamii ya Wakpelle. Wakagundua kwamba watu wazima wa jamii hiyo, wengi wao wasiosoma, walikisia idadi ya vikombe vya mchele vilivyomo chomboni kwa usahihi kuliko Wamarekani wasomi. Vitabu havikuwa na habari na ujuzi huo.

Kenya ilichoka mwaka 1981, Rais Moi alipoamuru Hisabati Mpya iondolewe shuleni. Hata hivyo seti hazikufutika Afrika Mashariki, zilipandishwa darasa tu: katika muhtasari wa hisabati wa Tanzania wa 2005 zilikuwa Kidato cha Pili, na matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu, ndugu zao wa enzi ileile, Kidato cha Nne, mwaka wa mtihani wa kuhitimu.