Glovu za Kiwandani Zilivyozaa Krimu ya Kung'arisha

Wadau wa mkorogo, hii inawahusu.

Miaka ya 1930 huko Marekani, wafanyakazi weusi wa kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama walianza kutoka mabaka meupe mikononi. Hakuna aliyejipaka kitu. Madaktari walipochunguza wakakuta tatizo ni glovu za mpira walizokuwa wanavaa kazini. Mpira ule ulitiwa kemikali ya kuuzuia usichakae, ndugu wa damu wa haidrokwinoni. Taarifa ikatoka 1939.

Mwenye akili angesema hiyo sumu ikae mbali na watu. Wafanyabiashara wakaona hela. Haidrokwinoni yenyewe ikaingia kwenye krimu, na Afrika Kusini zikauzwa kama njugu. Mwaka 1975 daktari mmoja wa huko akaandika kuhusu wanawake waliotokwa na weusi wa kibluu na vipele vigumu mashavuni. Yaani walilipia weupe wakapewa weusi usiotoka! Serikali ikaja kupiga marufuku 1990, watu washaharibika.

Sabuni za zebaki ndiyo zinauma zaidi. Ulaya ilikataza zebaki kwenye vipodozi vyao 1976, lakini viwanda vya huko huko vikaendelea kutengeneza sabuni hizo na kuzileta Afrika. Kwao hapana, kwetu poa tu.

Ile orodha ya maandishi madogo nyuma ya kopo haikuletwa na huruma ya kampuni, ni sheria ndiyo iliyolazimisha. Marekani ilianza 1977, Ulaya ikafuata miaka ya 1990. Ndiyo maana maji yanaitwa Aqua na manukato yanaitwa Parfum, ili majina yafanane kila nchi. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote.

Haidrokwinoni utaikuta kama Hydroquinone. Zebaki ina majina mengi: Mercury, Mercurio, Calomel, Mercuric iodide. Wengine hawaitaji kabisa, ila wanakuonya bidhaa isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu. Jiulize, krimu inayoharibu pete inafanya nini usoni?

Tanzania imekataza vyote viwili kwenye vipodozi, lakini madukani bado vinapenya. Na ule mkorogo wa kupimiwa kwenye kikopo, wenyewe hauna lebo kabisa.