Turbo Imepoteza Nguvu na Injini Inapiga Kelele? Kagua Haya Kabla ya Kununua Turbo Mpya

Gari la dizeli lililozoea kupanda Kitonga bila shida linaanza kuomba gia ya kwanza. Dereva anakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Akifika gereji anaambiwa: "Turbo imekufa." Wengi hulipia turbo mpya hapo hapo, kumbe tatizo lilikuwa mpira uliopasuka.

Turbo inafanyaje kazi?

Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni moja. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni ya pili, ambayo inasukuma hewa nyingi kuingia kwenye injini. Shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoilinda isisagike ni utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa chafu au ikichelewa kufika, turbo haidumu.

Sikiliza sauti

- "Shiii" ukikanyaga mafuta: hewa inavuja. Kagua mipira na klampu.
- King'ora kinachopanda na mizunguko ya injini: beringi za turbo zimeanza kuchoka, ingawa hata mpira uliopasuka unaweza kulia hivyo.
- Chuma kukwaruza chuma: feni inagusa nyumba yake. Zima injini, usiendelee na safari.
- "Tik-tik-tik" asubuhi, inapungua injini ikipata moto: huenda gesketi ya manifoldi ya ekzosi inavuja.
- Mgongo mzito kutoka chini: hiyo si turbo. Injini yenyewe inaweza kuwa na shida, pima oili mara moja.

Tazama moshi

Moshi mweusi pamoja na kukosa nguvu maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi ni uvujaji au filta iliyoziba. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Inaweza kutoka kwenye turbo, lakini pia kwenye ringi za pistoni.

Kagua kwa mpangilio huu, anza na cha bei rahisi

1. Filta ya hewa. Kwa barabara za vumbi, huziba haraka.
2. Mipira mikubwa kutoka turbo kwenda intakula hadi kwenye injini. Sehemu yenye oili iliyoshika vumbi kwa nje ndipo panapovuja. Oili kidogo ndani ya mpira ni kawaida, ila ikitulia kama dimbwi si kawaida.
3. Mipira midogo ya vakyumu na mkono unaorekebisha presha ya turbo. Mkono ukikwama, nguvu inapotea hata kama turbo ni nzima.
4. Pima kwa kompyuta. Kodi P0299 inasema presha ya turbo iko chini. Haisemi turbo imekufa.
5. Shafti ya turbo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa mpira wa kuingizia hewa na tikisa feni kwa vidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Ikigusa ukuta, ikivutika mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamemeguka, hapo turbo imeisha kweli.

Nini kiliiua?

Swali hili ndilo linalookoa pesa. Ukifunga turbo mpya bila kutibu chanzo, nayo inaweza kufa baada ya muda mfupi.

Mfano unaojulikana ni Hilux na Prado zenye injini ya 1KD-FTV. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi unaingia kwenye oili na kutengeneza masizi mazito. Masizi yanaziba chujio lililo ndani ya sampu, oili inapungua, na turbo inakosa ulinzi. Kwa hiyo kabla ya kufunga turbo nyingine, mwambie fundi akague chujio hilo, asafishe au abadilishe paipu ya oili ya turbo, na amwage oili ya zamani pamoja na filta yake.

Usipuuze hili

Turbo ya dizeli ikivujisha oili nyingi kuelekea kwenye injini, injini inaweza kujiendesha kwa oili hiyo na kukataa kuzimika hata ukitoa ufunguo. Kwa gari la manyu, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa kisha achia klachi ili injini izimike. Usijaribu kuziba njia ya hewa kwa mkono.

Ili turbo idumu

Badilisha oili kwa wakati na tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Asubuhi, usipige resi injini ikiwa bado ya baridi. Baada ya mlima mrefu au mzigo mzito, iache injini isailensi dakika moja au mbili kabla ya kuzima, turbo ipoe oili ikiwa bado inapita.