Makasi ya Ndugu Grimm katika Fasihi ya Watoto

Msomaji, kila tunapojadili kitabu cha watoto kinachotaja mimba, kifo au ukatili, hakosi anayedai kwamba hadithi za watoto zilikuwa safi hapo kale. Dai hili halina mashiko kihistoria. Chukua ngano zilizokusanywa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1812. Mlikuwamo hadithi fupi ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinja nguruwe, mmoja akamchinja mwenzake kwelikweli. Rafiki yao Achim von Arnim, naye mwandishi, alilalamika. Wilhelm alimjibu kwamba hadithi hiyo alisimuliwa na mamake, nayo ilimfanya awe mwangalifu michezoni. Jibu zuri, ila toleo la pili lilipotoka mwaka 1819, hadithi haikuwamo.

Makasi yalikuwa yameanza kazi, na inafaa utazame yalikata nini. Rapunzel wa 1812 anauliza mbona nguo zinambana, na mtu mzima anaelewa kuwa ana mimba. Katika matoleo ya baadaye anaropoka tu kwamba yule bibi ni mzito kumvuta kuliko mwana wa mfalme. (Mapacha wanazaliwa vilevile, bila maelezo!) Mamake Snow White, anayetaka binti yake auawe, aligeuzwa mama wa kambo mwaka 1819, kufikia 1840 mamake Hansel na Gretel alikuwa amegeuzwa vivyo hivyo. Ukatili je? Uliongezwa. Ndege wanaowadonoa macho dada za Cinderella hawamo katika toleo la 1812. Waliingia 1819, wakabaki hadi toleo la mwisho la 1857.

Kwa maoni yangu, kilicholindwa ni heshima ya wazazi, si masikio ya mtoto. Mtu mzima aliona haya kutaja mimba, na hakutaka ijulikane kuwa mama mzazi aweza kumtupa mwanawe njaa inapobisha hodi. Adhabu ya kutisha haikumsumbua, maana ilimsaidia kuadilisha. Mwalimu, unaposoma darasani hadithi hizo "safi", yumo mwanafunzi anayelelewa na mama wa kambo. Nani aliuliza kama zinamfaa?

Linganisha na ngano ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870, uliotokana na masimulizi ya Unguja. Paka wa sultani anakula mifugo, kisha watu. Kila akishtakiwa, sultani anamtetea: paka ni wake, na vinavyoliwa ni vyake. Hatimaye paka anawala wana wa sultani mwenyewe, na hapo ndipo baba anapokiri kuwa huyo si paka tena bali ni nunda. Vifo ni vingi katika ngano hiyo, lakini kosa la mzazi halikufichwa, na anayekwenda kumsaka nunda ni kitinda mimba wake.