Kiwanja cha gofu: nani hukichora, na kijiji kiulize nini kabla ya kutoa ardhi?

Jijini Dar es Salaam gofu huchezwa katika viwanja vya Lugalo, kilicho chini ya Jeshi la Wananchi, na Gymkhana, katikati ya jiji. Kwa wasikilizaji wetu wa Kibamba na vijijini, mchezo huu unaweza kuonekana wa mbali. Lakini kiwanja cha gofu ni ardhi na maji kabla ya kuwa mchezo, ndiyo maana tunaueleza.

Ukubwa wake

Kiwanja kamili kina mashimo 18. Kwa kawaida huchukua hekta 50 hadi 70, yaani ekari zipatazo 120 hadi 170. Ni sawa na viwanja vya mpira 70 au zaidi.

Kazi ya msanifu

Kuchora viwanja hivi ni fani kamili. Wasanifu wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1947, na Uingereza huchapishwa jarida la fani hiyo, Golf Course Architecture, ambamo wasanifu huonyeshana michoro na kujadili nyasi, udongo na maji.

Karibu na Arusha, kiwanja cha Kili Golf kilichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ambaye pia alichora kile cha Vipingo, pwani ya Kenya. Kile cha Sea Cliff, Zanzibar, chenye mashimo 9, ni kazi ya Peter Matkovich.

Msanifu huanza kwa kutazama maji ya mvua yanakopita. Eneo la nyasi fupi lenye shimo mara nyingi hujengwa kwa tabaka: kokoto sentimita 10 chini, kisha mchanga sentimita 30 juu yake, ili maji yasituame. Kwingineko huoteshwa nyasi za jamii ya ukoka. Pwani, aina iitwayo paspalamu hupendwa kwa sababu huvumilia maji ya chumvi.

Maji na dawa

Wakati wa kiangazi nyasi humwagiliwa, na hutiwa mbolea na dawa. Msanifu mzuri huchimba mabwawa ya kuvuna mvua na huacha miti na uoto wa asili kandokando ya vijito. Mchoro mbaya huwaachia majirani mafuriko, au kisima kilichokauka.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaeleza utaratibu wa kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Eneo lisilozidi hekta 250, na kiwanja cha gofu kimo humo, huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji: unaweza kukubali au kukataa. Fidia nayo hukubaliwa kabla ya ardhi kuhamishwa. Matumizi makubwa ya maji huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na masuala ya tathmini ya athari kwa mazingira husimamiwa na taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira.

Mwekezaji akifika kijijini kwenu na mchoro, muulizeni haya kabla ya kunyoosha mikono:

- Maji yatatoka wapi miezi ya kiangazi?
- Maji ya mvua, pamoja na mbolea na dawa, yataelekea wapi?
- Njia zetu za kwenda shambani na kisimani zitabaki?
- Ajira ni ngapi, na za kudumu ni zipi?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.